Hali Haikai Bila Mwenyewe

Jioni moja, tukiwa ndiyo kwanza tumetoka msikitini baada ya sala ya isha, mama mmoja jirani yangu hapa Likoni alinijia barazani na karatasi mbili mkononi. Nyuma yake alikuwa mwanawe wa kiume, anachechemea, mguu mmoja umefungwa plasta mpaka gotini. Kijana huyu huendesha pikipiki ya kubeba abiria, hizi bodaboda zilizojaa njiani siku hizi, na kituo chake ni kule chini kwenye mteremko wa kuelekea kivukoni.

"Mwalimu," aliniambia yule mama baada ya salamu, "wewe ni mtu wa kalamu. Hebu tutazamie mambo haya. Mwanangu kavunjwa mguu, na sasa yuaambiwa kosa ni lake yeye."

Niliwakaribisha mkekani, nikavaa miwani. Karatasi ya kwanza ilikuwa nakala ya maelezo ambayo kijana aliyaandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa Kiingereza, kuipelekea kampuni ya bima ya lori lililomgonga. Ya pili ilikuwa jibu, tena jibu fupi. Lilisema kwamba madai hayakukubaliwa kwa sababu mdai mwenyewe amekiri, kwa maandishi, kuwa aliteremka mlima usiku bila ya taa.

"Wallahi ami," kijana aliapa, "mimi nalikuwa nimesimama chini nangoja abiria. Sikuteremka mlima wowote! Lori ndilo lililokuja halina taa. Na ndivyo nilivyoandika."

Nilitafuta sentensi yenyewe, nikaiona katikati ya ukurasa, imeandikwa kwa hati nzuri kabisa: "Coming down the hill without lights, I was hit by a lorry."

Msomaji anayekijua Kiingereza barabara ameshaliona shimo alimotumbukia kijana wetu. Asiyeliona asifadhaike, kwani shimo hili limewameza wengi, wakiwamo wenye shahada. Kwa kanuni za Kiingereza, sentensi hiyo inasema kwamba aliyekuwa akiteremka mlima bila taa ni "I", yaani mimi niandikaye. Lori limekuja mwisho, nalo halina hatia. Karani wa bima alisoma kilichoandikwa. Twaweza kumlaumu kwamba hakujishughulisha kutazama mchoro wa polisi, lakini hatuwezi kusema kwamba hajui kusoma.

Nilimwomba kijana anieleze jambo lile lile kwa Kiswahili, bila kufikiri sana. Akasema: "Niligongwa na lori likiteremka mlima bila taa."

Hapo basi ndipo penye siri yote, na ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu wiki hii.

Tazameni lile neno "likiteremka". Limeanza na "li". Hiyo "li" ni ya lori, haiwezi kuwa ya mtu hata kidogo. Lau ni kijana aliyekuwa akiteremka, angesema "nikiteremka". Lau ni mbuzi kumi, wangekuwa "wakiteremka". Lugha yetu imemfunga mtendaji ndani ya kitendo chenyewe, kama nahodha aliyefungwa kwenye usukani wake: jahazi liende litakako, hawezi kuanguka. Hata ukiligeuza fungu hilo ukalitia mwanzoni, ukasema "Likiteremka mlima bila taa, lori lilinigonga", ile "li" yatangulia kutoa habari kabla lori lenyewe halijatajwa.

Sasa kijana alipoihamisha sentensi kuipeleka katika Kiingereza, "likiteremka" iligeuka kuwa "coming down". Je, "li" imekwenda wapi? Imedondoka baharini. "Coming" haina ngeli, haina nafsi, haina umoja wala wingi. Mtu akija ni "coming", gari likija ni "coming", na mvua ikija pia ni "coming". Kijana alidhani mwenye tendo bado yumo ndani ya neno, kama tulivyozoea sisi, kumbe neno limekuwa nyumba tupu, na mpita njia wa kwanza akaingia akakaa. Mpita njia huyo, kwa bahati mbaya, alikuwa yeye mwenyewe.

Nilipofika hapo nikamkumbuka mwalimu wangu wa chuoni, Mola amrehemu. Tulipokwisha kuhitimu msahafu, baadhi yetu tulibakizwa kusomeshwa nahau ya Kiarabu katika kile kitabu kidogo kijulikanacho pwani yote kwa jina la Ajurrumiya, alichokitunga Ibn Ajurrum wa mji wa Fez, Moroko, aliyefariki mwaka 723 wa Hijra, yaani 1323. Kitabu ni kidogo lakini kina mlango mzima unaohusu hali. Tulifunzwa kwamba hali ni neno linaloeleza namna alivyokuwa mtu au kitu wakati tendo lilipopita: amekuja naye amepanda, ameondoka naye analia. Na kila hali lazima iwe na mwenyewe. Kwa Kiarabu huitwa sahibul-hali, na sisi tulisema mwenye hali tu.

Mwalimu alikuwa akitupa mfano: nilikutana na Saidi njiani, na mmoja wetu amepanda punda. Halafu huuliza huku chelewa iko mkononi, "Hali ya nani?" Ukijibu "ya Saidi", huuliza umejuaje. Ukijibu "yangu", huuliza vile vile. Neno lile la kupanda lilikuwa la mwanamume mmoja, nasi sote wawili tulikuwa wanaume, kila mmoja peke yake. Lau Saidi angekuwa Saida, neno lingevaa alama ya kike na shaka ingeondoka. Lau wangekuwa wawili, lingevaa alama ya wawili. Kiarabu basi kina alama, ila mara nyingine alama hazitoshi kumtambulisha mwenyewe, na hapo ni juu ya msemaji kuyapanga maneno yake asimtaabishe msikilizaji.

Ukiziweka lugha hizi tatu juu ya mkeka mmoja utaona tofauti zake. Kiswahili humtambulisha mwenye hali kwa ngeli na nafsi. Kiarabu humtambulisha kwa jinsia na idadi. Kiingereza, kwa maneno haya ya hali, hakina alama yoyote. Kina mahali tu. Ndiyo maana katika Kiingereza jambo la wapi neno limekaa ni kubwa kuliko sisi tunavyodhani. Kule, kuhamisha neno ni kuhamisha hatia.

Kanuni ya kwanza basi ni hii. Fungu la hali likitangulia mwanzoni mwa sentensi, mwenye hali awe ndiye mtajwa wa kwanza baada ya mkato. Kijana wetu alitakiwa aandike: "Coming down the hill without lights, the lorry hit me." Maneno ni karibu yale yale, lakini lori limerudishwa mahali pake, na dhambi imerudi kwa mwenyewe.

Maneno ya hali katika Kiingereza si yale tu yanayomalizikia kwa "-ing". Yako pia ya kutendwa, kama "built" na "fried", na yako yanayotanguliwa na "having" kuonyesha tendo lililokwisha kabla ya jingine. Yote yako chini ya sheria hiyo hiyo. Mtoto wa shule akiandika, "Built by the Portuguese in 1593, I visited Fort Jesus", amesema kwamba Wareno walimjenga yeye mwaka 1593, kisha akenda kuizuru ngome. Na mwenye duka akiandika, "Having prayed, the shop was opened", ametuambia kwamba duka lilisali kwanza ndipo likafunguliwa. Alhamdulillahi, laiti maduka yangesali! Sahihi ni kumtaja aliyesali: "Having prayed, the shopkeeper opened his shop."

Kanuni ya pili inahusu fungu la hali linapokuja mwishoni. Huko nako halipendi kukaa mbali na mwenyewe. Nani asiyewajua mama zetu wanaouza samaki karibu na kivuko? Andika habari yao hivi: "The woman sold fish to the tourists fried in coconut oil." Samaki wamekuwa wabichi na watalii ndio waliokaangwa kwa mafuta ya nazi. Sogeza fungu hilo karibu na samaki, "The woman sold fish fried in coconut oil to the tourists", na wageni wetu wamesalimika.

Kanuni ya tatu ni ya mkato, na wengi huudharau kwa udogo wake. Tuseme tangazo limeandikwa: "The passengers standing near the ramp were told to move back." Hapa pana abiria wa namna mbili, na walioambiwa warudi nyuma ni wale tu waliosimama karibu na mlango wa feri. Tia mikato miwili, moja baada ya "passengers" na moja baada ya "ramp", na maana imebadilika: abiria wote walikuwa wamesimama pale, na wote wakaambiwa warudi. Kwa Kiswahili tofauti hii huitoa neno lenyewe. Twasema "abiria waliosimama karibu na mlango" tukitaka kuwabagua na wengine, na twasema "abiria, wakiwa wamesimama karibu na mlango," tukieleza hali yao wote. Kwa Kiingereza kazi hiyo yote imebebeshwa kinukta chenye mkia.

Ya nne ni faraja. Ikiwa hali ina mwenyewe mwengine asiyekuwa mtendaji wa sentensi, mtaje pale pale ndani ya fungu lake. "The ferry having left, we waited on the beach." Feri imekwisha kuondoka, sisi tukangoja pwani. Kila mmoja na lake, hapana aliyemnyang'anya mwenzake.

Zaidi ya hayo yako maneno machache ambayo Waingereza wenyewe wameyaachilia huru, hayaulizwi mwenyewe ni nani. "Considering" ni mojawapo, na "regarding" pia. H. W. Fowler, katika kitabu chake maarufu cha matumizi ya Kiingereza kilichotolewa mwaka 1926, aliyazungumza maneno haya ya hali yasiyofungika popote, na akakubali kwamba baadhi yake yameshazoeleka. Lakini mwanafunzi asijifiche nyuma ya hayo machache. Wenye nyumba wana ruhusa ya kuingia kwa mlango wa uani, mgeni apite ukumbini.

Na asidhani mtu kwamba kosa hili ni la sisi wageni tu. Shakespeare mwenyewe lilimpitia, au alilipitisha kwa makusudi. Katika mchezo wa Hamlet, ulioanza kuchapishwa mwaka 1603, mzuka wa mfalme aliyeuawa unamsimulia mwanawe uongo uliotangazwa mjini: kwamba mfalme alipokuwa amelala bustanini nyoka alimuuma. Lakini Kiingereza cha mzuka kimepangwa hivi kwamba, kwa kanuni, aliyelala bustanini ni nyoka. Ukweli ni kwamba hapakuwa na nyoka. Ndugu yake mfalme ndiye aliyemtia sumu sikioni. Nyoka wa watu basi alisingiziwa mara mbili, kwanza kuua na pili kulala!

Nacheka, lakini nina haya ya kuungama. Nilipokuwa kijana, nikianza kazi ya kuandika habari, nilipeleka gazetini taarifa ya maziko ya mzee mmoja mashuhuri wa upande huu wa ng'ambo. Niliandika, kwa Kiswahili chetu hiki ninachokisifu: "Baada ya kuoshwa na kukafiniwa, waumini walimsalia marehemu." Ilichapishwa vivyo hivyo. Asubuhi yake bwana mmoja mtu mzima alinisimamisha sokoni akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hao waumini waliooshwa na kukafiniwa, nani aliyewazika?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Tangu siku hiyo najua kwamba hata lugha yetu ina mlango ulio wazi. Tukisema "likiteremka" au "alipokwisha oshwa" tumemfunga mwenyewe ndani. Lakini tukitumia "baada ya kuoshwa" au "kwa kuteremka", ile "ku" haina nafsi wala ngeli, ni sawa na "coming" ya Kiingereza, na mwenyewe huanguka vile vile. Nilipaswa kuandika: "Marehemu alipokwisha oshwa na kukafiniwa, waumini walimsalia." Na hata "ki" yenyewe hailindi kila siku. Ukisema "Ali alimwona Juma akivuka barabara", twaelewa kwa mazoea kuwa avukaye ni Juma, kwa kuwa yuko karibu. Lakini "a" ni ya Ali na ni ya Juma. Yule Saidi na punda wake wamerudi.

Wazungu waliotutangulia kuandika nahau ya Kiswahili walisimama hapa kwa makini. Krapf, Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, na ambaye mkewe Rosina alizikwa upande wa bara, huku Nyali, mwaka ule ule, alichapisha muhtasari wa nahau yetu mwaka 1850. Bibi Ashton, katika kitabu chake cha mwaka 1944, aliichambua "ki" katika kazi zake, ile ya sharti na ile ya tendo linaloendelea sambamba na jengine. Wao walipokuja kwetu walikaa wakauliza: hii "ki" ni ya nini, na hii "li" ni ya nani? Sisi tulipokwenda kwao tuliichukua "-ing" kama mtu anayeokota kofia njiani, akaivaa bila kuuliza ni ya nani.

Basi nikarudi kwa kijana wangu. Nilimwambia kwamba maelezo ya ajali si mahali pa kupamba. Fungu la hali ni pambo zuri likimkaa mwenyewe, lakini penye mguu uliovunjika na haki ya mtu, bora sentensi mbili fupi kuliko moja ndefu yenye shaka. Tuliandika upya: "I was standing at the bottom of the hill. A lorry came down without lights and hit me." Mtoto wa darasa la nne aielewa, na wakili hana pa kuitia kidole.

Mama alisikiliza yote, kisha akauliza swali lililoninyamazisha. "Mwalimu, na kwani ilikuwa lazima aandike Kiingereza?"

Haikuwa lazima. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi mbili. Kijana angeweza kuandika "lori likiteremka", na ile "li" ingemshuhudia mwenyewe. Lakini fomu zilizopo mezani ni za Kiingereza, na vijana wetu huona aibu kuandika lugha ya mama zao mbele ya karani mwenye tai. Tulifanya yote mawili. Barua ya pili ilikwenda kwa Kiingereza kilichonyoshwa, na nyuma yake Kiswahili, pamoja na nakala ya maelezo aliyoyaandikisha polisi siku ile ya ajali. Kampuni imejibu kwamba jambo litatazamwa upya. Bado halijakwisha, na kijana bado anachechemea, lakini angalau sasa haambiwi tena kwamba amekiri.

Nawausia vijana wetu wa Likoni, Kisauni na Changamwe, na walimu wanaowasomesha: jifunzeni Kiingereza, tena mkijue hasa, kwani elimu haina mwenyewe. Ila kila mnapoandika neno la hali, jiulizeni lile swali la mwalimu wangu na chelewa yake: hali ya nani? Na ili msilisahau, niwaachie ubeti huu mmoja.

Hali haikai pweke, yataka kumilikiwa,
Mwenyewe na umuweke, mkato ukishatiwa,
Maana isigeuke, mwengine kusingiziwa,
Kila neno lipeleke, kwa mwenyewe wa kupewa.